MZIGO WA MAMA

Somo: Marko 7:9–13

Mwezi huu twataka kutafakari pamoja nanyi juu ya amri ya nne, ambayo kila mwanafunzi wa Kipaimara huijua kwa moyo. Na kwa kuwa neno lililozoeleka husikiwa kwa sikio moja tu, tumeona vema kulileta kwenu kwa habari za watu walio mbali sana nasi, wenyeji wa Visiwa vya Marshall katika Bahari ya Pasifiki. Wazee wao walikuwa na hadithi ya mama mmoja na wanawe. Tena yako mambo yaliyowapata watu hao, ambayo yatuonyesha jinsi mwanadamu awezavyo kulitumia jina la Mungu ili aukwepe wajibu wake. Twawaomba msome mpaka mwisho, kisha mpime wenyewe.

Nchi ya watu hao ni ndogo na bahari yao ni kubwa. Yako makundi 29 ya visiwa, na kila kundi limekaa kama pete juu ya mwamba wa matumbawe, na ndani ya pete maji yametulia; tena viko visiwa vitano vilivyo peke yake. Ukikusanya nchi kavu yote, haizidi sana kilomita za mraba 180, na mahali pengi haiinuki juu ya maji kupita mita mbili. Chakula chao cha tangu zamani ni nazi, mashelisheli, matunda ya mkadi, na samaki. Jina la Marshall ni la nahodha Mwingereza aliyepita huko mwaka 1788. Wenyeji wenyewe husema Aelon Kein Ad, maana yake visiwa vyetu hivi. Haki ya ardhi kwao hupita kwa mama: mtu huuliza kwanza, Mama yako ni wa ukoo gani?

Mwaka 1857 wajumbe wa Injili kutoka Marekani, Edward Doane na George Pierson, walifika katika kisiwa cha Ebon, na watumishi Wakristo kutoka Hawaii wakasaidia kazi yao. Neno likaenea, hata leo walio wengi huko ni Wakristo. Mwaka 1885, mwaka ule ule Wadachi walipojitangazia ulinzi juu ya sehemu za nchi iliyoitwa baadaye Tanganyika, walitwaa na visiwa hivi pia. Wajapani wakawafuata mwaka 1914, na Wamarekani mwaka 1944. Basi ingawa maji mengi yatutenga nao, wazee wetu na wazee wao walipata kutawaliwa chini ya bendera moja.

Watu hao wanalo neno moja, bwebwenato, ambalo ni maongezi, tena ni hadithi, tena ni habari za kale. Kwao mambo hayo matatu hayakutengwa. Mzee akikaa na wajukuu wake, katika maongezi huja hadithi, na katika hadithi hujulikana mipaka ya ardhi, asili ya ukoo, na njia za baharini. Hata ujuzi wa manahodha ulipita hivyo, kutoka kwa mzee kwenda kwa kijana. Walifunga pamoja vijiti vyembamba vya makuti na vya mizizi ya mkadi, wakaweka simbi ndogo mahali pa visiwa, na vijiti vilivyopindwa vilionyesha jinsi mawimbi makuu ya bahari yanavyojipinda yakikutana na kisiwa. Nahodha hakuichukua ramani hiyo safarini. Alijifunza kwayo akiwa nchi kavu, akaitia moyoni. Na alipokuwa baharini aliyasikia mawimbi kwa mwili wake, jinsi yanavyokitikisa chombo, akajua kisiwa kiko upande gani kabla hajakiona. Ujuzi huo haukupatikana pengine ila kwa wazee. Aliyewadharau wazee wake alipotea baharini, na si kwa mfano tu.

Sasa sikieni hadithi yenyewe.

Hapo kale palikuwa na mwanamke jina lake Loktanur, mwenye wana wengi wa kiume. Mkubwa wao aliitwa Tumur, na mdogo wao kabisa aliitwa Jebro. Wana hao walitaka kujua ni nani kati yao atakayekuwa mfalme, wakaazimu kushindana kwa vyombo vyao huko Ailinglaplap, kutoka kisiwa kimoja mpaka kingine kilicho upande wa macheo. Atakayefika wa kwanza ndiye atakayetawala. Siku zile watu hawakujua tanga. Vyombo vyao, vilivyofanana na ngalawa zetu ila vina rengu upande mmoja tu, vilikwenda kwa kafi na kwa nguvu za mikono.

Walipokuwa tayari kuondoka, mama yao akashuka pwani, naye amechukua mzigo mkubwa. Akamwendea Tumur, akamwomba amchukue. Tumur akautazama ule mzigo, akaona kwamba utamchelewesha, akasema, "Mama, mwombe ndugu yangu anifuataye." Akamwendea wa pili, naye akamwelekeza kwa wa tatu. Hivyo ndivyo walivyofanya wote, kila mmoja akimpeleka mama kwa mdogo wake, hata akafika kwa Jebro. Jebro naye aliuona mzigo, akajua ya kuwa ataachwa nyuma. Lakini akasema, "Karibu, mama, panda."

Ndugu zake walikuwa wamekwisha kuwa mbali mama alipoufungua mzigo wake. Ndani yake mlikuwa na tanga, na kamba zake, na vyombo vyote vya kutwekea. Akamwonyesha mwanawe jinsi ya kusimamisha mlingoti, na jinsi ya kulishika tanga mbele ya upepo. Basi chombo kile kilichokuwa cha mwisho kikaanza kukimbia pasipo kafi, kikawapita ndugu mmoja baada ya mwingine, kikampita na Tumur. Jebro akawa mfalme. Na Tumur akaona haya na uchungu, akasema hataki kumtazama Jebro tena.

Watu wa Marshall huwaona ndugu hao mbinguni hata leo. Jebro ni zile nyota ambazo sisi twaziita Kilimia, na Tumur ni nyota kubwa nyekundu iliyo upande wa pili wa mbingu. Kilimia kikichomoza mashariki, Tumur huwa anashuka magharibi, hawakai pamoja. Wazee wetu walikitazama Kilimia wapate kujua majira ya kulima, na kitabu cha Ayubu chakitaja pia kuwa ni kazi ya mkono wa Mungu. Nyota ni zile zile. Na watu wa huko walipozitazama walikumbuka kwamba ufalme alipewa yule aliyemchukua mama yake.

Hatuiweki hadithi hii mahali pa Neno la Mungu. Wazee wale walikuwa hawajaisikia sheria iliyotolewa Sinai, lakini twaona kwamba Mungu hakuwaacha pasipo kivuli chake. Na liko jambo moja katika hadithi ambalo twalitaka lishike mioyo yetu. Jebro hakujua kilichomo ndani ya mzigo. Kama Tumur angalijua kwamba mna tanga, bila shaka angalimpakia mama yake mara moja, tena kwa heshima nyingi na maneno mazuri. Lakini hiyo isingalikuwa heshima, ingalikuwa biashara. Jebro alimpakia kwa sababu ni mama yake, naye alikuwa ameomba. Ndiyo maana ya amri ya nne. Katekisimo yetu haituambii tu tusiwadharau wazazi. Yatuagiza tuwatumikie, na haitutajii faida tutakayoipata kwa mkono wao. Baraka imo katika mkono wa Mungu aliyeahidi.

Katika somo letu Bwana Yesu asema na watu waliokuwa hodari sana katika mambo ya dini. Mtu alikuwa na mali ambayo ingaliweza kumsaidia baba yake au mama yake. Naye akasema, Hii ni Korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu. Basi hakuwapa kitu. Angalieni hila hiyo. Tumur alisema wazi kwamba hataki mzigo. Mtu wa Korbani hakusema hivyo; alilifanya jina la Mungu kuwa ngao, ili mama yake akilia aonekane kana kwamba anagombana na Mungu mwenyewe. Kwa tendo moja alizivunja amri mbili: ya nne, kwa kumwacha mzazi, na ya pili, kwa kulitumia jina la Bwana bure.

Washarika, je, mambo hayo hayako kwetu? Tumepata kuona jina la mtu likisomwa kanisani kwa matoleo makubwa ya jengo jipya, watu wakafurahi. Na mama yake mzazi, mwendo wa saa mbili kutoka hapo, hakuwa na chumvi nyumbani wala mtu wa kumtekea maji. Tumepata kuona mwalimu wa Neno asiyekosa kikao chochote cha usharika, naye mwaka mzima hakupata siku moja ya kukaa na baba yake kipofu. Hakuna aliyethubutu kumwuliza, maana alikuwa katika kazi ya Bwana. Ndugu, kazi ya Bwana haikutolewa ili iwe pazia. Hilo twajiambia sisi wenyewe tunaoandika kwanza, kisha ninyi.

Lakini Korbani si dhambi ya mtu mmoja mmoja tu. Hata mataifa huitenda. Hapo twarudi katika visiwa vya Marshall.

Mwezi wa Februari mwaka 1946, siku ya Jumapili, watu wa kisiwa cha Bikini walikuwa wametoka katika ibada. Akaja kwao mkubwa wa jeshi la maji la Marekani, jina lake Ben Wyatt, aliyekuwa mtawala wa visiwa hivyo. Akawaambia kwamba nchi yao yatakiwa ili bomu la atomiki lijaribiwe hapo, kwa faida ya wanadamu wote na kwa kuvikomesha vita vya dunia. Waondoke kwa muda. Naye alijua kwamba hao ni wasomaji wa Biblia, basi akawalinganisha na wana wa Israeli, ambao Bwana aliwaokoa na adui zao na kuwaongoza. Mkuu wao, Juda, alijibu kwamba watakwenda, wakiamini ya kuwa mambo yote yamo mikononi mwa Mungu. Baadaye wapiga picha wa sinema wakataka shauri hilo lirudiwe mbele ya mashine zao, nalo likarudiwa mara nyingi. Mwezi wa Machi watu 167 walipakiwa katika meli wakaondoka.

Tuupime mfano ule kwa Maandiko. Wana wa Israeli walitolewa utumwani wakaletwa katika nchi. Watu wa Bikini walitolewa katika nchi yao, na hakuna nchi ya ahadi iliyowangojea. Kama lilitakiwa somo la siku ile, twadhani lingalikuwa lile la shamba la mizabibu la Nabothi, katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Maneno ya Kutoka yalitumiwa kama Korbani. Alitajwa Mungu, ili mnyonge asiweze kukataa.

Waliwekwa Rongerik, ambako chakula hakikutosha, wakapata njaa. Mwaka 1948 wakahamishiwa Kwajalein, na kabla ya mwaka kuisha wakahamishiwa Kili, kisiwa kisicho na maji matulivu ya ndani, ambapo mawimbi huwazuia wavuvi miezi mingi. Katika miaka ya 1970 jamaa kadhaa walirudishwa Bikini. Lakini sumu ilionekana bado imo katika ardhi na katika chakula, wakaondolewa tena mwaka 1978. Ule muda walioambiwa haujakwisha.

Kutoka 1946 hata 1958 yalilipuliwa mabomu 67 huko Bikini na Enewetak. Lililo kubwa kuliko yote lilikuwa la tarehe 1 Machi 1954. Asubuhi ile watu wa Rongelap waliona mwanga mkubwa upande wa machweo, na baada ya saa kadhaa unga mweupe ukaanza kuanguka juu ya nyumba, juu ya miti, na katika maji ya kunywa. Watoto wakauchezea. Kabla ya usiku walianza kutapika na kuwashwa, na baadaye ngozi zikaungua na nywele zikanyonyoka. Siku mbili zikapita kabla hawajaondolewa. Mwaka 1957 walirudishwa kwa kuambiwa kwamba hapana hatari tena. Wakakaa humo hata mwaka 1985, walipoamua wenyewe kuhama.

Katika mwezi ule wa Aprili 1954 wenyeji walipeleka ombi lao katika Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, wakisihi majaribio yakomeshwe. Baraza hilo ndilo lililokuwa na dhamana juu ya Tanganyika pia. Miaka miwili kabla yao, mwaka 1952, Kirilo Japhet alisimama mbele yake kuwatetea Wameru waliofukuzwa Engare Nanyuki. Wote wawili walisikilizwa kwa adabu. Lakini Wameru hawakurudishiwa nchi yao kwa neno la Baraza, na mabomu yaliendelea kulipuliwa mpaka 1958. Wakubwa waliutazama mzigo ule, na kila mmoja akawaelekeza kwa mwenzake.

Basi walibaki na nini? Walibaki na bwebwenato, yaani kusimulia. Lakini usimulizi huo ulikuwa mgumu. Baadhi ya wanawake wa Rongelap walipoteza mimba, na wengine walizaa viumbe visivyo na sura ya mtu, visivyoishi. Lugha yao haikuwa na neno kwa jambo hilo; walipojaribu kulisema walitaja viumbe vya baharini. Wengine walinyamaza kwa aibu, wakidhani kosa ni lao. Ndipo mmoja wa hao, Lijon Eknilang, aliyekuwa mtoto wa miaka minane siku ile ya unga mweupe, akakata shauri kuyasema. Darlene Keju naye alisema juu ya mateso ya visiwa vyao mbele ya Mkutano Mkuu wa Baraza la Makanisa Ulimwenguni huko Vancouver mwaka 1983, ambako walikuwapo wajumbe wa makanisa ya dunia yote. Na mwaka 1995 Lijon alisimama mbele ya majaji wa Mahakama ya Kimataifa huko The Hague, waliokuwa wakitafakari uhalali wa silaha hizo, akawasimulia habari za mwili wake mwenyewe na za mama wenziwe. Mwaka uliofuata majaji walitoa shauri lao kwamba, kwa jumla, kuzitumia silaha hizo ni kinyume cha sheria za vita, ijapokuwa hawakukubaliana juu ya hali ya taifa lililo katika hatari ya kuangamia.

Hatusemi, na mtu asiseme, kwamba Mungu aliwatwika watu hao mateso ili ulimwengu upate somo. Kunena hivyo ni Korbani nyingine. Tunalosema ni hili: mama hao waliutua mzigo wao mbele yetu na kuufungua, na ndani yake mlikuwa na kweli ambayo wenye nguvu hawakuwa nayo. Na anayekataa kuusikia kwa kuwa ni mzito, anafanana na Tumur, naye atapiga kafi mpaka mikono ichoke.

Twajua pia ni nani aliyesema, Njoni kwangu, kwa wote waliolemewa. Yeye hakutazama kwanza mizigo yetu aone kama itamchelewesha. Tena akiwa msalabani, katika uchungu wake mwenyewe, alimwona mama yake amesimama, akamkabidhi kwa mwanafunzi aliyempenda. Kazi ya kuukomboa ulimwengu wote haikumfanya amsahau mjane mmoja. Basi ni nani kati yetu mwenye kazi kubwa kuliko hiyo, hata akose nafasi?

Ninyi walimu wa Injili, twawapa neno la kufanya. Katika kila usharika wako mama wazee waliobaki peke yao. Wameona njaa na vita, wamezika watoto, na wengine wanakumbuka siku ambayo Neno lilifika kwao mara ya kwanza. Mwezi huu mwende kwao, si kwa kuwafundisha, bali kwa kusikia. Kaeni chini. Msiharakishe maneno yao, hata wakirudia jambo moja mara tatu. Kama kuna kuni za kupasuliwa, mpasue kwanza. Na wakiwaambia jambo la uchungu, ambalo lawashtaki jamaa au hata kanisa, msiwafunge kinywa kwa mstari wa Maandiko. Lichukueni jambo hilo kama walivyolichukua wao, mlilete kwa wazee wa kanisa. Nanyi vijana mlio mjini, ambao mwasema kwamba mtatuma kitu mambo yakiisha kunyoka, kumbukeni kwamba mama alishuka pwani kabla ya safari, wala hakungoja mwisho wake.

Tuombe. Ee Bwana Mungu wetu, utusamehe mara zote tulipolitaja jina lako tupate kuukimbia mzigo wa jirani. Uwakumbuke watu wa Bikini na wa Rongelap, na wote walioondolewa katika nchi ya mama zao. Utupe masikio ya kusikia, na mikono ya kupokea. Na siku ile mama zetu watakapotuomba tuwachukue, utujalie tusiwaelekeze kwa mwingine. Kwa ajili ya Yesu Kristo Bwana wetu. Amin.